Barabara kuu: tuitwe kabla mstari haujachorwa, au tukishawekewa X ya bomoabomoa ukutani?

Mleta hoja:
Wakuu, wapimaji wamepita mtaani kwetu wamechomeka vigingi, na Jumamosi tumeitwa ofisi ya serikali ya mtaa "kupewa elimu ya mradi wa barabara". Elimu! Kigingi kimeshatangulia, sasa sijui hapo nashirikishwa kitu gani.

Wengi mnaikumbuka bomoabomoa ya Morogoro Road mwaka 2017, Kimara hadi Kiluvya. Kwa Sheria ya Barabara ya 2007, hifadhi ya barabara kuu, yaani eneo linaloachwa kwa ajili ya barabara, ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Pale ikasimamiwa mita 121.5 kila upande, yaani 243 ukijumlisha. Watu walishavuta umeme na maji, wamezaa na kujukuu humo. Leo kuna njia 8 na mimi mwenyewe nazipita nikifurahi, sikatai. Ninachosema, mwananchi aitwe wakati wa upembuzi yakinifu, mstari ukiwa bado wa penseli. Mnasemaje?

Mhandisi mstaafu:
Mkuu, hujawahi kushindana na migomba ya usiku. Ukitangaza njia mapema, asubuhi unakuta msingi umemwagwa na shamba limepandwa juzi, mwenyewe anaapa ni la babu yake. Tena mtaa mmoja ukigoma, mstari unahamia kwa jirani, naye ana mdomo. Mkopo wa ujenzi hausubiri mkutano uishe. Waulizwe habari ya vivuko na vituo vya daladala, sawa. Kona ya barabara kuu haipigiwi kura.

Mama lishe:
Baba yangu, hata hivyo vivuko nani alituuliza? Huku kwetu daraja la waenda kwa miguu limewekwa mbali na soko. Mtu ana ndoo ya maandazi kichwani, apande ngazi zote zile, ashuke, halafu arudi nyuma kulifuata soko? Anaruka ukuta wa katikati, ndivyo anavyofanya. Wakija wanasema wananchi wabishi. Wangemuuliza hata mtoto wa shule angewaonyesha watu wanavukia wapi, maana majani yenyewe yameisha kwa kukanyagwa.

Mwenye X ya kijani:
Mie nawashangaa wanaosema fidia inamaliza yote. Sheria hiyo ya 2007 ilipoongeza hifadhi kutoka mita 22.5 hadi 30, tuliojikuta katikati ya vipimo hivyo tukapigwa X ya kijani, maana yake tunastahili kulipwa. Wenye nyekundu hawadai kitu. Nilifurahi nikasahau kuuliza lini. Ukuta umepasuka sithubutu kuujenga, mpangaji akiiona X anaaga, benki ndiyo hawataki hata kusikia. Jirani yangu wa nyekundu alilia, akavunja, akahama, sasa ana kwake. Mimi bado nafagia uwanja ambao sijui ni wangu au wa serikali.

Mhandisi mstaafu:
La kijani sina jibu, dada. Hela ya lami hutafutwa kwanza, ya fidia inafuata ikipatikana. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja na sikulipenda.

Mleta hoja:
Mhandisi, kwenye migomba nakubaliana nawe. Lakini dawa yake ipo: itangazwe tarehe ya ukomo, mthamini apige picha kila kiwanja siku hiyohiyo, ndipo mjadala uanze. Atakayepanda baada ya hapo amejipandia chakula.

Jumamosi nitakwenda. Daftari la mahudhurio likinifikia, nitauliza kwanza sahihi yangu inapelekwa wapi. Kuna mkutano mwingine wa mradi tulisaini tukidhani ni orodha ya soda, kumbe ikaja kusomwa kwamba mtaa mzima umeridhia.