Nimealikwa kupanda mlima wa siku moja, begi liwe na nini hasa?

MguuMchanga:
Wakuu habarini, wenzangu kazini wamenialika tukapande mlima, tunaondoka asubuhi tunarudi jioni. Njia nzima ni kilomita 12 hivi na kupanda mita 600. Mazoezi yangu mimi ni ngazi za ofisini tu 😅 Kwenye video kila mtu ana begi kubwa utadhani anahama nyumba, sasa kipi cha lazima na kipi mbwembwe? Ramani iko kwenye simu, si inatosha?

Kijiti:
Mkuu begi baadaye, piga hesabu ya muda kwanza. Kuna kanuni ya Mskoti mmoja, Naismith, ya mwaka 1892: kilomita 5 kwa saa, halafu ongeza saa 1 kwa kila mita 600 unazopanda. Ya kwako inakuja kama saa 3 na nusu, ila hiyo ni ya mtu mkakamavu asiyepumzika, wewe weka 5 au 6. Halafu mkubaliane saa ya kugeuka kabla hamjaanza, ikifika mnageuka hata kama kilele mnakiona pale. Sisi tulisema "bado kidogo tu", giza likatukutia njiani watu wanne tochi moja, wa mbele anamulika miguu yake wa nyuma anapapasa mawe, mwenzetu akateleza goti likavimba kama embe. Tangu siku hiyo tochi ya kichwani haitoki kwenye begi langu hata nikitoka saa mbili asubuhi.

mama_wa_vilima:
Simu inatosha mpaka chaji iishe. GPS inasoma hata bila mtandao ila ramani uwe umeishusha kabisa kabla ya kutoka, na uweke hali ya ndegeni maana simu ikianza kutafuta mtandao inamaliza chaji haraka sana. Beba na filimbi, sauti ya kuita inakauka mapema. Mipigo 6 ndani ya dakika moja, unanyamaza dakika, unarudia, kule milimani hiyo inaeleweka ni kuomba msaada.

Soksi2:
Usivae jinzi wala fulana ya pamba, ikilowa jasho au mvua haikauki na kule juu kuna upepo, tena kila mita 1000 joto linashuka nyuzi 6 hivi. Koti la mvua hata kama jua linawaka. Na ukihisi kisigino kinachoma simama HAPO HAPO ubandike plasta, usisubiri lengelenge. Viatu vipya acha nyumbani.

MguuMchanga:
Duh, viatu nimenunua jana 😂 Je nikipotea?

Kijiti:
Tulia ulipo, usikate kichakani kutafuta njia ya mkato. Ndiyo maana unamwachia mtu nyumbani njia mnayopita na saa ya kurudi.

MguuMchanga:
Nimeshamtumia dada, kasema nikichelewa saa moja anaanza kupiga simu. Viatu kuanzia kesho navaa kazini, wacha wanicheke.