Karakara za tunda zimeota, za pakiti zimegoma. Nimwage udongo?

Kibaraza Kitupu

Wakuu, salaam. Naomba mnishauri kabla sijachukua uamuzi wa hasira.

Nataka mmea wa kutambaa uzibe upande mmoja wa kibaraza, unipe kivuli na maua. Nikachagua karakara, yaani pasheni. Trei ni moja, nimeigawa katikati. Upande mmoja nimepanda mbegu nilizozitoa kwenye tunda bivu la rangi ya zambarau: nilikamua rojo, nikaziosha, nikazifukia. Upande wa pili mbegu za pakiti, zimeandikwa Passiflora caerulea, ile karakara ya maua meupe yenye duara la buluu. Udongo uleule, maji yaleyale, siku ileile.

Za tunda zimeota vizuri tu. Za pakiti kimya hadi leo, na ni muda sasa. Nimechokoa moja kwa njiti: bado ngumu, haijavimba, haijaoza.

Halafu mambo mengine mawili yananitatiza. Miche iliyoota ina majani mazima ya duaraduara yenye ncha, wakati picha zote ninazoziona jani la karakara lina vidole vitatu. Nimeotesha magugu au? Na miche kadhaa imelala chini ghafla, shina limesinyaa pale linapotokea kwenye udongo, juu bado kijani. Nawasikiliza.

Fundi Miche

Usimwage. Mbegu ambayo bado ngumu na haijaoza ina nafasi nzuri ya kuwa hai, imelala tu.

Tofauti unayoiona kwenye trei yako ni hasa ya umri wa mbegu. Mbegu za karakara zikitoka kwenye tunda na kufukiwa mapema huota ndani ya wiki mbili hadi nne. Zikishakauka na kukaa kwenye pakiti, usingizi unakuwa mzito. Hapo huhesabu wiki tena, unahesabu miezi, na hata zikianza kuota haziji pamoja: leo moja, baada ya wiki tatu nyingine, halafu kimya kirefu. Caerulea ni maarufu kwa tabia hiyo. Watu wengi huzitupa zikiwa njiani.

Kwa hiyo fanya hivi. Nusu ya zile za pakiti ziache hapohapo, usiziguse. Nusu nyingine zitoe kwa utaratibu, kila moja isugue kidogo upande mmoja kwa msasa laini mpaka weusi upauke. Usifike kwenye kiini, unataka tu kulegeza ganda. Ziloweke saa 24 kwenye maji ya uvuguvugu, kisha zirudishe kwenye udongo mpya, kina kisichozidi sentimita moja.

La muhimu kuliko msasa ni joto. Chini ya nyuzi 20 hazina haraka na wewe. Zinapenda mchana ufike karibu 30 na usiku ushuke kuelekea 20, huo mpando na mshuko unaziamsha kuliko joto lisilobadilika. Trei yako iko wapi?

Kibaraza Kitupu

Ipo sakafuni, kwenye kona ya kibaraza. Sakafu ni ya saruji. Asubuhi ukikanyaga peku unaruka.

Fundi Miche

Basi umeshajijibu. Inyanyue, weka juu ya meza au ubao. Udongo uliokaa juu ya saruji baridi unaweza kuwa na nyuzi kadhaa pungufu ya hewa unayoihisi wewe. Chomeka kipimajoto kwenye udongo wenyewe.

Mzee wa Friji

Mimi ningemwambia aweke kwenye friji. Mbegu za karakara zinataka baridi kwanza, ndani ya mchanga mbichi, miezi miwili. Ndivyo zinavyodanganywa kwamba msimu wa baridi umepita.

Fundi Miche

Mkuu, hiyo ni Passiflora incarnata, yenyewe asili yake ni kusini mashariki mwa Marekani. Kule inakauka juu yote wakati wa baridi na kuchipua upya kutoka mizizini, kwa hiyo mbegu yake inangoja baridi ipite. Kwa incarnata friji ni sahihi kabisa. Edulis, hii tunayokula, ni ya Amerika Kusini yenye joto, ukiiweka friji miezi miwili unaipotezea muda na pengine uhai. Jamii ya Passiflora ina aina zaidi ya 500, kinachofaa huku hakifai kule. Kwanza soma jina lililo kwenye pakiti.

Sina Subira

Maji yanayochemka wakuu. Unamimina, unasubiri yapoe, unapanda. Kwisha kazi.

Bi Kitalu

Kwisha kazi kweli, na mbegu kwisha. Maji ya kuchemka ni ya mbegu za jamii ya akasia, zile zenye ganda lisilopitisha maji kabisa. Hii ya karakara utaipika. Uvuguvugu, ambao ukitia kidole unakivumilia bila shida, basi.

Mwanangu Kibaraza, hao waliolala ni kinyausi. Ni vijidudu vya ukungu vinavyoishi kwenye udongo wenye maji mengi na hewa kidogo, Pythium, Rhizoctonia na wenzao, vinakula shina pale chini wakati bado laini. Aliyeanguka haamki, usimwekee kijiti cha kumshikilia. Mtoe pamoja na udongo uliomzunguka. Wengine uwaokoe hivi: kama umefunika trei kwa nailoni, fungua, maana nailoni kazi yake imeisha mara mbegu zilipotokeza. Tandaza mchanga mkavu uliooshwa juu ya udongo, safu nyembamba. Maji usimwagie juu tena, kalisha trei kwenye beseni lenye maji kidogo inywe kwa chini, kisha iondoe. Na mara nyingine usitumie udongo uliochotwa bustanini wala samadi kwenye trei. Samadi ni chakula cha mmea mkubwa.

Majani usihofu. Karakara utotoni ina majani mazima, vidole huja mche ukishakua kidogo, na kwa mche mmoja utayaona yote mawili, ya chini duara na ya juu yamegawanyika matatu. Caerulea zikiota zitafika vidole vitano au zaidi.

Pilipili Manga

Wengine huloweka kwenye juisi ya machungwa badala ya maji. Nimeona wengi wakiapa kwa hilo.

Bi Kitalu

Haidhuru, mradi uzioshe baadaye, la sivyo utavuna ukungu. Kwa mawazo yangu kinachosaidia ni ule muda wa kulowa na kule kuosha, chungwa ni mapambo.

Kwa mbegu za tunda bivu kuna njia bora kuliko zote hizo. Usikamue na kufukia siku hiyohiyo. Acha rojo na mbegu zake kwenye bakuli lililofunikwa kwa kitambaa, siku mbili au tatu mpaka lianze kuchacha na kutoa mapovu. Hapo ule utando unaoikumbatia kila mbegu unalegea wenyewe, ukisugua kwenye chujio unatoka wote. Utando huo ndio unaozuia mbegu isiote ikiwa bado ndani ya tunda, kwa hiyo ukibaki unaendelea kuizuia hata kwenye udongo. Ukiosha, zinazoelea mara nyingi ni tupu. Anika kivulini, panda mapema.

Kata Panda

Naomba niwe mchokozi. Mbegu za nini zote hizi? Tafuta mwenye caerulea, kata tawi lililoanza kukomaa lenye vifundo viwili au vitatu, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu kivulini. Inatoa mizizi upesi, inachanua mapema, na ua unalijua kabla hujapanda. Mbegu ni bahati nasibu, hasa za kwenye pakiti: mzazi mmoja unaweza kuwa chotara na watoto wakatoka kila mmoja na sura yake.

Fundi Miche

Kwa maua peke yake nakubaliana nawe. Kwa anayetaka na matunda, sikubali, na hapa ndipo watu wengi wanapokwama halafu wanalaumu udongo.

Karakara ya njano, kwa kawaida, haikubali chavua yake yenyewe. Caerulea ni hivyohivyo. Sasa ukichukua vipandikizi kumi kutoka kwa mama mmoja, hiyo si mimea kumi, ni mmea mmoja uliokatwa vipande. Itachanua ukuta mzima, nyuki watakuja, na maua yatadondoka yote bila tunda. Miche miwili iliyotokana na mbegu tofauti ni ndugu, si nakala, na mara nyingi inachavushana. Hiyo ndiyo sababu ya kuhangaika na mbegu. Ile ya zambarau ina unafuu, nyingi hujichavusha zenyewe, japo nayo huzaa vizuri zaidi ikipata chavua ya jirani.

Na usitegemee njano na zambarau zisaidiane kirahisi. Ua la zambarau hufunguka alfajiri na kufunga karibu na adhuhuri. La njano ndiyo kwanza linafunguka adhuhuri, linakaa hadi usiku. Zinapishana mlangoni.

Kata Panda

Hilo la nakala limenigusa. Kuna mtu nilimpa vipandikizi na kila mara ananiuliza matunda yako wapi.

Pilipili Manga

Mwambie achavushe kwa mkono basi?

Fundi Miche

Haisaidii kama chavua ni ya mmea uleule. Inasaidia pale ambapo mimea ni tofauti ila nyuki hawafiki, mfano ghorofani. Wachavushaji wazuri wa karakara ni wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Nyuki wa asali ni mdogo, anapita chini kunywa utamu bila kugusa kitu, na chavua anaibeba kwake.

Ua lina vifuko vitano vya chavua na juu yake vichwa vitatu vya kupokelea. Likifunguka vichwa huwa vimesimama, baada ya muda vinainama kushuka usawa wa chavua. Subiri viiname. Chukua brashi laini au hata kidole, pakaa chavua ya mmea wa kwanza kwenye vichwa vyote vitatu vya mmea wa pili. Likishika, utaona kitufe cha kijani chini ya ua kinavimba ndani ya siku chache. Kuiva ni siku 70 hadi 80 hivi, na usilichume: likiwa tayari linaanguka lenyewe.

Kibaraza Kitupu

Nimesoma yote, asanteni sana. Trei nimeshaipandisha mezani, mchanga nimetandaza. Mengine: miche ya tunda niihamishe lini, na chungu kiwe kikubwa kiasi gani? Pia nimeona sisimizi wanapanda kila siku na kusimama kwenye kikonyo cha jani. Nipulize dawa?

Bi Kitalu

Usipulize. Chungulia kikonyo hicho karibu na jani, utaona vinundu viwili vidogo. Vinatoa utamu, na mmea unautoa makusudi kwa ajili ya sisimizi: wakiwa pale wanafukuza viwavi na mayai yao. Walinzi hao, wanalipwa. Geuza tu majani uangalie chini. Ukikuta vidukari au vidung'ata, basi sisimizi wameajiriwa na upande mwingine, na hapo maji ya sabuni laini yatatosha.

Kuhamisha: majani ya kweli (usihesabu yale mawili ya mwanzo yaliyotoka na mbegu) yakifika manne, kabla mizizi haijajisokota chini ya trei. Karakara haipendi kuguswa mizizi, kwa hiyo itoe na bonge lote la udongo, usivute kwa shina. Kwanza kichungu kidogo, ukiona mizizi inachungulia kwenye matundu peleka kwenye chungu chake cha kudumu, lita 30 kwenda juu, chenye matundu ya kutosha. Siku za mwanzo kivulini, kisha jua kidogokidogo. Mmea mkubwa unataka jua kwa muda wa saa sita au zaidi kila siku.

Weka fito au waya mapema, vile vikono vyake vikishashika kitu mmea unakimbia. Mbolea ya naitrojeni nyingi itakupa pazia zuri la majani bila ua hata moja, basi chagua yenye potasiamu. Na usiogope mkasi: maua hutoka kwenye machipukizi mapya, tawi la zamani halichanui tena.

Mzee wa Friji

Mwaka wa kwanza asitarajie sana, au?

Bi Kitalu

Edulis ya mbegu huchukua mwaka mmoja hadi mmoja na nusu kufika kwenye tunda, kukiwa na joto. Kwenye baridi zaidi ya hapo. Na haiishi milele, hata ikitunzwa vizuri miaka yake ni michache, kwa hiyo uwe unaotesha mrithi.

Fundi Miche

Nyongeza mbili. Caerulea iache ndani ya chungu, usiipande ardhini: inatoa machipukizi kutoka mizizini hata mbali na shina, na kuna nchi imegeuka gugu. Na kama kuna watoto au wanyama, majani na matunda mabichi ya Passiflora yana kemikali zinazotoa sianidi, wasitafune. Tunda la caerulea likiiva na kuwa rangi ya chungwa linalika, ila ladha yake ni hafifu, usiote juisi.

Kibaraza Kitupu

Sawa mkuu. Hizo nusu nilizoziacha bila msasa nizisubiri hadi lini?

Fundi Miche

Mwaka mzima kama nafasi ya trei unayo. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope. Na weka kibao chenye jina na tarehe kila upande leo hii, maana miche ikiwa midogo inafanana, na ukishaihamisha hutajua ipi ni ya pakiti.