Ruzizi III: ngazi ya samaki ijengwe au iachwe? (Mjadala; wasemaji wanaitwa kwa majina ya mitaa na miji.)

Nguba: Wana Bukavu, tuseme wazi. Baraji (bwawa la umeme) ya tatu ya mto Ruzizi, unaotoka Ziwa Kivu kwenda Tanganyika, megawati 206 za kugawana na Rwanda na Burundi, imepangwa huko upande wa Kamanyola. Mimi nasema isijengwe bila ngazi ya samaki. Samaki aitwaye barbusi, Labeobarbus altianalis, hupanda mto kutafuta changarawe ya kutagia. Ukimfungia njia, umefunga uzazi. Na ngazi si muujiza: ni vidimbwi vinavyofuatana, kila kimoja kikizidi cha chini yake kwa sentimita 25. Ukuta wa mita 10, vidimbwi 40.

Kamanyola: Ndugu, vidimbwi umevihesabu vizuri, mlango hukuuweka. Samaki anayepanda hufuata mkondo mkali, na penye baraji mkondo huo ndio unaotoka kwenye turbini, mashine za kuzalisha umeme. Huu mradi unapitisha maji kwenye tuneli, kwa hiyo yatatokea mbali chini ya ukuta. Samaki watajaa hapo mbele ya mashine, wakati mto wa zamani juu yao umebaki na maji ya kulowesha vifundo vya miguu. Ngazi ya ukutani itapandwa na vyura tu. Kabla ya saruji, daini maji yatakayoachwa kwenye mto wenyewe, kiangazi pia.

Uvira: Wakubwa, mbona hakuna anayeuliza ni nani atakayepanda? Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 hivi, Tanganyika 770, na makorongo ya Ruzizi ndiyo yaliyotenganisha samaki wa maziwa haya mawili. Tanganyika ina aina mamia, Kivu haina hata 40. Sambaza wenyewe, hawa dagaa wetu, walibebwa na watu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Kisha mwaka 2006 akaonekana Kivu Lamprichthys tanganicanus, yule wavuvi waliyempa jina Rwanda Rushya, na anagombania chakula kile kile na sambaza. Ngazi haiombi kitambulisho. Mkifungua njia, mtarudisha nini nyuma?

Nguba: Hapo dada umenishika. Basi tuweke mtego juu ya kidimbwi cha mwisho: barbusi wanachaguliwa kwa mkono, wanapandishwa kwa gari lenye tangi la oksijeni, wageni wanarudishwa chini.

Kamanyola: Kazi ya kila siku hiyo, msimu mzima wa mvua, na mishahara juu. Mwaka wa kwanza sawa. Mwaka wa pili gari halina mafuta.

Kadutu: Mnagombania wanaopanda, wanaoshuka mmewasahau. Vyuma vya kawaida vya kuzuia takataka mbele ya turbini huachana sentimita 5 hadi 10. Samaki anapita, anakutana na mapanga, au shinikizo linashuka ghafla na kibofu chake cha hewa kinapasuka. Tuseme tubane hadi milimita 15. Unene wa samaki ni kama sehemu ya kumi ya urefu wake, kwa hiyo utawazuia wa sentimita 15 kwenda juu. Wadogo kama sambaza watapita tu, tusidanganyane.

Halafu kasi. Mbele ya vyuma maji yasizidi nusu mita kwa sekunde, la sivyo samaki mdogo anabandikwa. Kwa mita za ujazo 100 kwa sekunde unahitaji uso wa mita za mraba 200, bila kuhesabu unene wa vyuma. Sasa leta chupa za plastiki, hizi zetu zinazoshuka kutoka mitaani mvua ikinyesha. Zikiziba nusu ya uso, kasi inakuwa mara mbili na kuranti, yaani umeme, inapungua. Unadhani fundi wa zamu atafanya nini? Atang'oa vyuma vyembamba. Kwa hiyo andikeni mashine ya kusafisha inayojiendesha, vyuma vilale kwa pembe kuelekea pembeni, na pembeni hapo mfereji wa kuwashusha samaki. Bila mfereji, wanazunguka mbele ya vyuma mpaka wachoke.

Uvira: Naongeza la bondeni. Jioni watu wanawasha taa, turbini zinafunguliwa, mto unajaa. Usiku zinafungwa, vifaranga vinabaki kwenye mchanga. Maji yasishuke zaidi ya sentimita 10 kwa saa. Hilo halihitaji saruji, ni amri ya uendeshaji tu.

Kadutu: Amri sawa. Kipimo cha maji kiwekwe Kamanyola, si kwenye ofisi ya baraji. Na nani ataruhusiwa kukisoma saa nne usiku?