Chevelle ya 1970 iliyosimama tangu 2009: nianze na nini?

Kutoka: Columbus

Habari zenu wakuu. Naomba mpangilio wa kazi. Ushauri wa kuuza nimeshausikia wa kutosha. Gari ni Chevrolet Chevelle Malibu ya 1970, injini 350, kabureta ya Rochester Quadrajet, gia boksi ya otomatiki TH350, breki za diski mbele na ngoma nyuma. Limesimama gereji tangu 2009, matengenezo yakiwa nusu. Injini ilifungwa upya, ikarudishwa ndani ya gari, haijawahi kuwashwa. Madigadi na milango ina praima ya kijivu tu. Tangi lina petroli kama robo. Vifaa vingi vipya viko kwenye maboksi, havijafunguliwa. Hati ya umiliki ipo, imesainiwa, lakini bado ina jina la muuzaji. Nianze na injini au bodi?

Jibu kutoka: San Jose

Kaka wa Columbus, anza na hiyo hati. Kila mwaka unaopita, uwezekano wa muuzaji kuhama, kufariki au kuikana saini yake unaongezeka, na ofisi ya magari ikikataa hati hiyo utahitaji mtu huyohuyo. Njia ya mkato ya zamani, ya kusajili gari kuukuu kwa posta jimbo la Vermont bila kuishi kule, ilifungwa 2023. Usiiwekee matumaini.

Linganisha namba ya utambulisho wa gari (VIN) iliyo kwenye hati na ile ya kwenye kibati, juu ya dashibodi upande wa dereva. Gari la 1970 la General Motors lina herufi na tarakimu 13. Mfumo wa 17 ulianza na magari ya 1981. Ndiyo maana huduma nyingi za mtandaoni za kukagua historia ya gari zitakuambia namba si sahihi. Yako ikianza na 13637 ni Malibu V8 ya milango miwili isiyo na nguzo ya kati, na tarakimu ya sita, 0, ni mwaka. Namba hiyo haitakuambia kama gari lilikuwa SS (Super Sport, Chevelle ya kimichezo). Kwa 1970, SS ilikuwa kifurushi cha ziada, kwa hiyo anayekuuzia au kununua kwako kwa kigezo cha namba peke yake anajidanganya. Kibati chenyewe kimeshikwa kwa ribiti zenye umbo la ua. Usikibandue hata kama unapaka rangi dashibodi. Kifunike kwa tepu. Kukitoa ni suala la sheria ya shirikisho.

Mengine mawili. Kata bima ya gari la zamani yenye thamani mliyokubaliana, inayotambua kuwa gari bado linatengenezwa, kwa sababu bima ya kawaida italihesabu kuwa chuma chakavu siku gereji ikiungua. Pia soma sheria za mji na za chama cha wenye nyumba kuhusu gari lisilotembea kuonekana uani. Wengi wametozwa faini gari likiwa juu ya stendi, magurudumu yametolewa.

Jibu kutoka: Dallas

Adui mkubwa wa injini hiyo sasa hivi ni ufunguo wa kuwashia. Toa betri ukaiweke mbali, mtu yeyote asijaribu "kuisikia tu".

Injini iliyofungwa ikakaa miaka yote hiyo si injini mpya. Mafuta yaliyopakwa kwenye beringi yameshuka, pete za pistoni zimekauka kwenye kuta za silinda, na springi za valvu zilizokuwa wazi zimebaki zimebanwa muda wote. Kinachokufa kwanza ni kamshafti, fimbo yenye nundu zinazofungua valvu. Tapeti za 350 ya asili ni bapa, zinasugua moja kwa moja kwenye nundu za kamshafti, na sekunde chache za kuzunguka kavu zinatosha kulimaliza nundu moja. Chembe za chuma zinakwenda kwenye beringi, unafungua injini upya.

Toa plagi zote nane. Mimina mafuta mepesi, kijiko kimoja cha chai kwa kila silinda, uache siku mbili. Ule mchanganyiko maarufu wa asetoni na mafuta ya gia otomatiki ni wa injini iliyoganda. Kwenye hii utasafisha mafuta kidogo yaliyobaki. Kisha zungusha krenkshafti kwa mkono, kisaa ukiitazama injini kwa mbele, kwa boliti ya balensa (gurudumu la mbele ya krenkshafti). Soketi ni inchi 5/8. Baadhi ya krenkshafti za zamani za Chevrolet ndogo hazikutobolewa kwa boliti hiyo. Ukikuta hivyo, zungusha kwa meno ya fleiwili baada ya kufungua kifuniko cha chini. Nguvu iwe ya mkono mmoja. Ikigoma, simama uandike hapa.

Ikizunguka vizuri, toa manifoldi ya juu. Najua, gasketi ni mpya. Fungua hata hivyo. Chomoa tapeti moja moja, kila moja irudi tundu lake lilelile, tazama uso wake na nundu iliyo chini yake. Doa la kutu unalolisikia kwa ukucha maana yake kamshafti na tapeti zote 16 zinabadilishwa pamoja; usichanganye tapeti mpya na nundu iliyokwisha kutumika, wala kinyume chake. Zikiwa safi, paka upya grisi ya kamshafti. Rudisha manifoldi, boliti zake pauni-futi 30, ukianzia katikati kwenda nje.

Oili: lita 4.7 pamoja na filta, yenye zinki nyingi, ile ya kuzoeshea injini mpya. Oili za kisasa za magari ya kawaida zimepunguziwa zinki ili kulinda katalisti za ekzosi, na tapeti bapa ndizo zinazolipa gharama.

Sasa kazi ambayo wengi huiruka. Chomoa distribyuta (kigawa moto wa plagi), ingiza chombo cha kuzungushia pampu ya oili, ukizungushe kwa drili nzito, kisaa. Chombo kiwe na kola inayoziba sehemu ya mwili wa distribyuta. Fimbo tupu isiyo na kola huzungusha pampu vizuri tu, lakini oili inavujia pale na tapeti za upande mmoja hazipati kitu. Presha ikipanda utaisikia mkononi, drili inakuwa nzito ghafla. Endelea, huku mwenzako akizungusha krenkshafti robo mzunguko kila mara, mpaka oili itokee kwenye roka zote 16. Inaweza kuchukua dakika kadhaa, drili ikapata moto. Pumzisha drili, usipumzishe kazi. (Mwenye Ford 302 anayesoma hapa: fimbo yako ni ya pembe sita, inchi 1/4, na inazungushwa kinyume cha saa.)

Jibu kutoka: Minneapolis

Nakubaliana na Dallas kuhusu injini, ila mpangilio wake siupendi. Praima ya 2009 ni dharura kuliko injini. Injini iliyozibwa vizuri inaweza kusubiri mwezi, kutu haisubiri.

Praima ya kawaida ya kijivu ina vinyweleo. Inavuta unyevu wa gereji, unafika kwenye bati, kutu inatembea chini yake na juu huoni kitu. Piga msasa namba 80 sehemu ya ukubwa wa kiganja, chini ya mlango na nyuma ya gurudumu la mbele. Ukiona vijidoa vyeusi au vya kahawia kwenye bati, praima yote ya paneli hiyo inatoka. Rudi kwenye chuma, paka epoksi, ndipo puti na praima nene zifuate. Usishawishike kupaka rangi juu ya ile iliyopo, vipele vitatokea. Mwenye kupulizia rangi zenye kigumu cha aisosayaneti anahitaji barakoa yenye hewa ya bomba.

Kwenye Chevelle tazama kwanza mfereji wa chini ya kioo cha nyuma. Maji yanakaa pale, yanatoboa, yanashuka buti, unalaumu sakafu ya buti wakati tatizo liko juu. Halafu chesisi karibu na magurudumu ya nyuma, na sehemu bodi inapokaa juu ya chesisi. Gonga kwa nyundo ndogo: chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya boksi. Ukilazimika kukata sakafu, kwanza funga vyuma vya kushikilia kati ya nguzo za milango, la sivyo milango haitafunga tena. Chomelea kwa nukta fupi, ukiruka huku na huku. Ukivuta mstari mrefu bati linakunjamana.

Na hili lishikeni: msisafishe kwa dawa ya breki yenye klorini sehemu mnayokwenda kuchomelea. Joto linaigeuza kuwa fosijeni, gesi ya sumu kali.

Jibu kutoka: Columbus

Asanteni. Praima imetoa vijidoa, kwa hiyo inatoka. Injini inazunguka kama nusu mzunguko, halafu inagota. Nikirudisha nyuma inarudi vizuri, nikienda mbele tena inagota palepale. Pia kuna kiota cha panya ndani ya kisafisha hewa.

Jibu kutoka: Dallas

Kugota palepale, kwa ghafla, ni chuma kwa chuma. Kutu huwa laini: inazuia, ukirudi na kwenda mara kadhaa inasogea kidogo kidogo. Kwa hiyo usiongeze mkono wa spana.

Kwa kuwa kuna kiota, kamera ndogo ya kuingiza tundu la plagi ndiyo ya kwanza. Kabureta ikiwa wazi, njugu na kokoto hushuka mpaka juu ya pistoni. Pili, fungua vifuniko vya valvu: valvu iliyoganda wazi itaonyesha roka iliyolegea au fimbo iliyopinda. Tatu, nje ya injini: fungua kifuniko cha chini cha gia boksi, uone kama boliti ya konveta (kiungo cha mafuta kati ya injini na gia boksi) inagonga bati. Kisha fungua boliti tatu za konveta, uisukume nyuma. Injini ikiwa huru baada ya hapo, konveta haikukaa sawasawa kwenye pampu ya gia boksi siku ya kufunga, na pampu yenyewe huenda imeumia. Kosa hilo linatokea sana, hasa gia boksi ikivutwa kwa boliti badala ya kusogea kwa mkono hadi ikutane na injini.

Jibu kutoka: Seattle

Kuhusu kiota: usikifagie kikavu, usikipulize kwa kompresa. Panya wa Marekani wanaweza kubeba virusi vya hanta. Fungua gereji ipate hewa nusu saa, vaa glavu, lowanisha kwa mchanganyiko wa bilichi sehemu 1 na maji sehemu 10, subiri dakika 5, ndipo uokote. Halafu fuata waya kutoka hapo mpaka kwenye ukuta unaotenga injini na chumba cha abiria, na chini ya dashibodi. Panya hawali sehemu moja.

Wapo wanaouliza pembeni kama gari kama hili linaweza kupelekwa Mombasa likiisha. Kenya haisajili kwa kawaida gari lililoagizwa likiwa na zaidi ya miaka 8, wala lenye usukani kushoto. Litengenezeni mkijua mtaliendesha hukuhuku.

Jibu kutoka: Minneapolis

Petroli na breki, maana injini ikiwaka utatamani kulitoa nje.

Petroli ya 2009 yenye ethanoli imeshavuta maji na kuwa gundi. Teremsha tangi lote, usitegemee kunyonya kwa mpira. Ile pete inayoshika geji ya tangi igonge kwa shaba, chuma kinatoa cheche. Badilisha mipira yote ya petroli kwa ile iliyoandikwa 30R7 au 30R9. Kwenye Quadrajet badilisha boya: ni la plastiki yenye povu, linanyonya petroli, linakuwa zito, kabureta inafurika. Angalia pia vizibo vya chini ya kabureta. Vikivuja, gari linakuwa gumu kuwaka baada ya kulala.

Breki: vile vifaa vipya vya kwenye maboksi usiviamini. Inua mpira wa kila silinda ya gurudumu utazame ndani. Ukiona kutu, tupa. Mipira mitatu ya breki, miwili mbele na mmoja nyuma, nunua mipya leo. Huvimba ndani huku nje ikionekana mizuri, breki zinashika na haziachii. Master silinda itolewe hewa mezani kabla ya kufungwa. Mafuta DOT 3 kutoka chupa iliyofunguliwa siku hiyo. Kutoa hewa: nyuma kulia, nyuma kushoto, mbele kulia, mbele kushoto. Vumbi la ngoma za nyuma lilowanishe, kwa kuwa viatu vya zamani vina asbesto.

Tairi soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT: 2309 ni wiki ya 23 ya 2009. Hizo ni za kusukumia gari gerejini tu.

Jibu kutoka: Columbus

Ilikuwa boliti ya konveta, ndefu kuliko zile mbili, inagonga bati. Konveta inazunguka huru. Tapeti ni safi. Nibakize nini kabla ya kuwasha?

Jibu kutoka: Dallas

Badilisha boliti zote tatu ziwe za urefu mmoja, sahihi. Jaza rejeta na gia boksi. Peleka pistoni ya silinda ya kwanza juu kwenye mgandamizo, si ekzosi. Ziba tundu la plagi kwa kidole uisikie hewa. Rudisha distribyuta rota yake ikielekea waya wa kwanza, digrii 8 hadi 10 kabla ya kilele kama pa kuanzia. Mpangilio wa waya ni 1-8-4-3-6-5-7-2. Mwanya wa plagi inchi 0.035. Jaza kabureta petroli kwa mkono kupitia bomba la hewa la bakuli, ili stata isizunguke bure ikisubiri pampu. Kila mzunguko wa polepole unaifuta grisi kwenye kamshafti.

Mtu mmoja akae na kizima moto cha petroli, mwingine atazame geji ya oili. Ikishika tu, pandisha mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika, uishushe na kuipandisha kidogo kidogo kwa dakika 20, usiiache sailensa (mzunguko wa chini bila kukanyaga mafuta). Tapeti hizi hupata oili ya kurushwa na krenkshafti, na kwenye sailensa hairushwi ya kutosha. Ikivuja maji au presha ya oili ikishuka, zima papo hapo, rekebisha, kisha malizia dakika zilizobaki. Ikipoa, mwaga oili, kata filta uikunjue: unga wa kijivu ni wa kawaida, vipande vinavyong'aa si vya kawaida. Tutumie picha ya hiyo karatasi ya filta kabla hujamimina oili nyingine.