Mlezi anataka kujua msomaji ameazima vitabu gani: je, ninakosea nikimkatalia?

Msaidizi wa Kaunta (muuliza swali)

Ndugu wanataaluma, shikamooni wakubwa, na wengine habari za kazi. Ninafanya kazi katika maktaba ya chuo cha kati ambacho sitakitaja jina wala mkoa kilipo. Tuko watumishi wawili tu, na kumbukumbu zetu za kuazimisha bado zinaandikwa katika daftari kubwa la mistari: tarehe, jina la msomaji, namba yake ya usajili, jina la kitabu, sahihi ya kuchukua na sahihi ya kurudisha.

Jumatatu alifika mwanamume mmoja wa makamo, mwenye heshima zake, akajitambulisha kuwa ni baba mdogo wa mwanafunzi wetu wa mwaka wa pili na kwamba ndiye anayemlipia ada tangu kaka yake, yaani baba wa binti huyo, alipofariki. Alisema matokeo ya binti yameshuka, naye anataka kuona kama kweli anasoma, hivyo akaniomba nimfungulie ukurasa wenye vitabu alivyoazima muhula huu. Yeyote aliyekuwa pale angeona ni ombi la mzazi anayefuatilia. Lakini mimi ndiye niliyemtafutia binti vitabu hivyo, na viwili kati ya vitatu alivyonavyo vinahusu mirathi na wajibu wa msimamizi wa mirathi. Tukiwa kwenye rafu aliniuliza kwa sauti ya chini kama kuna kinachoeleza namna ya kudai hesabu ya mali za marehemu. Sikumdadisi, naye hakuongeza neno.

Nilimwambia baba mdogo kwamba mkuu wangu hayupo, akaondoka. Siku mbili baadaye mshauri wa wanafunzi akaniletea ombi lile lile kwa mdomo, akisema si vizuri chuo kumgeuzia mgongo mzazi anayejali.

Nimekwama mahali patatu. Sijui kama kulipa ada kunampa mtu haki ya kujua anachosoma mwanafunzi mwenye umri wa miaka 20. Sijui pia nijibu nini, kwa sababu nikisema hajaazima kitu nimesema uongo, na nikisema siwezi kumwonyesha ni kama nimemwambia kwamba kipo cha kufichwa. La mwisho ndilo linaloninyima usingizi: mdhamini aliyeandikwa katika fomu ya uanachama ya binti ni huyo huyo baba mdogo, vitabu vinatakiwa kurudi Ijumaa ijayo, na kwa utaratibu wetu msomaji akichelewa, barua ya kumkumbusha huorodhesha majina ya vitabu, na nakala yake hupelekwa kwa mdhamini.

Mzee wa Kadi

Marahaba, mwanangu. Kabla ya yote nikukanye kidogo: umekificha chuo, lakini baba mdogo, mirathi, mwaka wa pili na siku ya Jumatatu umeviweka vyote hadharani, na dunia ya vyuo vyetu ni ndogo. Kama hukubadilisha chochote katika maelezo hayo, yabadilishe leo.

Nikija kwenye swali lako, uongo usiuseme. Ukishamdanganya mtu mmoja kwenye kaunta, hata kwa nia njema, siku nyingine utamdanganya na msomaji mwenyewe. Umeona vizuri, hata hivyo, kwamba kukataa nako kunaweza kuwa jibu. Kunakuwa jibu pale tu unapomkatalia huyu leo ilhali jana ulimfungulia mwingine daftari. Maktaba ikiwa na kanuni moja kwa watu wote, iliyobandikwa ukutani, kwamba kumbukumbu za kuazima huonyeshwa kwa msomaji mwenyewe peke yake, baba mdogo ataambiwa maneno yale yale ambayo angeambiwa hata kama binti ameazima vitabu vya mapishi. Hapo kukataa kwako hakumpi habari yoyote. Mpe kiti, mwamkie, mwelekeze kwa mwalimu wa taaluma ambako matokeo yanakozungumzwa, kisha mwambie, "Baba, daftari hili hata mkuu wangu akija na mgeni simfungulii." Nimelisema neno hilo mbele ya watu wazito, na wengi waliondoka wakicheka.

Ninaona hofu yako yote iko kwa mtu anayeuliza, wakati daftari lenyewe lina mwanya mkubwa zaidi. Nilipoanza kazi miaka ya 80, kila kitabu kilikuwa na kadi yake katika mfuko uliogundishwa ndani ya jalada, na juu ya kadi yaliandikwa majina ya wote waliowahi kukiazima. Siku moja kijana alichomoa kadi ya kitabu kuhusu magonjwa ya zinaa, akamsomea mwenzake majina manne kwa sauti, wakacheka hadi watu wakageuka. Mmoja wa wenye majina hayo alikuwa ameketi meza ya tatu kutoka mlangoni. Alifunga madaftari yake, akatoka, na sikumwona tena mpaka mwaka ukaisha. Hakuna polisi wala mzazi aliyeniuliza lolote siku ile, kwa kuwa siri niliitoa mwenyewe, kwa mkono wangu, pamoja na kitabu. Baada ya hapo tukaacha majina, tukawa tunaandika namba za tiketi tu.

Jiulize daftari lako linakaa wapi saa hizi. Kama liko wazi juu ya kaunta na kalamu yake ya kamba, mwanafunzi anayeweka sahihi mstari wa 14 amekwisha kusoma mistari 13 iliyo juu yake.

Mtunza Nyaraka na Sheria

Ninaungana na Mzee wa Kadi, nami nitaongeza upande wa sheria, nikichukulia kwamba muuliza swali yuko Tanzania. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imejengwa juu ya msingi kwamba taarifa za mtu zilizokusanywa kwa kusudi fulani hazipaswi kutumika kwa kusudi jingine bila ridhaa yake, isipokuwa pale sheria yenyewe inaporuhusu. Jina la binti limo katika daftari ili kitabu kirudi. Halikuandikwa ili ndugu zake wapime bidii yake ya kusoma. Umri wa miaka 18 ameshaupita, kwa hiyo ridhaa ni yake mwenyewe, na ada ni jambo la yule anayelipa na anayelipiwa, haihamishi ridhaa hiyo.

Kwa upande wa taaluma, maadili ya IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba, yaliyopitishwa mwaka 2012, yanautaja uhusiano wa maktaba na msomaji kuwa ni wa kutunziana siri. Si jambo geni hata kidogo, kwani chama cha wakutubi wa Marekani kililiandika mwaka 1939. Huko huko Marekani, mwaka 2005, wakutubi wanne wa Connecticut walipelekewa barua ya FBI, shirika la upelelezi la nchi hiyo, iliyodai kumbukumbu za matumizi ya kompyuta ya maktaba, barua ambayo haikuwa na amri ya jaji na iliyowakataza hata kusema kwamba wameipokea. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2006 dai hilo likaondolewa. Nimeutoa mfano huo kwa sababu ya mshauri wa wanafunzi. Mwombe aandike ombi lake kwa barua, ataje sababu na kifungu anachokitegemea, nawe umpelekee mkuu wako. Ombi la mdomo lina tabia ya kufifia linapodaiwa sahihi.

Tahadhari moja: umempatia vitabu, na hiyo ndiyo kazi yako. Usivuke ukaanza kumshauri namna ya kumshitaki baba yake mdogo. Akihitaji ushauri, mwelekeze kwenye kituo cha msaada wa kisheria, kwa sababu wewe humjui marehemu, huzijui mali, na huenda baba mdogo ni msimamizi mwaminifu kuliko tunavyomdhania hapa.

Mwalimu wa Maktaba, Mombasa

Nitapingana nanyi kidogo, kwa heshima. Ninasimamia maktaba ya shule ya msingi, na mzazi wa mtoto wa miaka 9 akiniuliza mwanawe amesoma nini, ninamwambia, tena ninafurahi kwamba ameuliza. Hata sheria yetu ya Kenya ya mwaka 2019 kuhusu ulinzi wa data inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kuchakatwa. Kanuni moja ya ukutani kwa watu wote, kama anavyoipendekeza Mzee, kwangu ingekuwa ukaidi tu.

Kinachonisumbua zaidi ni wale walio katikati. Nilipokuwa nikisimamia maktaba ya sekondari, msichana wa miaka 16 aliazima vitabu vitatu mfululizo kuhusu huzuni na kujiua. Nilivunja siri hiyo, nikamwendea mwalimu wa ushauri nasaha, bila kumtajia mtu mwingine yeyote. Msichana alipojua alinikasirikia muhula mzima. Ningelirudia jambo hilo leo, ingawa ninajua kwamba tangu siku ile hakuazima tena kitabu chochote kwangu.

Mzee wa Kadi

Mwalimu, kwa watoto wadogo ninakubali, nami nilikuwa ninazungumzia chuo. Kwa yule wa miaka 16 sina la kukulaumu. Ulikwenda kwa mtu mmoja mwenye kazi hiyo, wala hukumfungulia mtu daftari.

Fundi wa Mfumo

Kwa maktaba zilizokwisha kuingia katika Koha au programu nyingine ya kompyuta ya kuendeshea maktaba, upo mpangilio wa kukata uhusiano kati ya msomaji na kitabu mara kinaporudishwa, ila maktaba nyingi nilizozihudumia huuacha umezimwa ili wapate orodha ya "wasomaji bora" mwisho wa mwaka. Kwa wenye daftari, namba ya usajili inatosha, jina si lazima, na kitabu kikirudi mstari ufutwe kwa wino mzito usiosomeka. Kumbukumbu isiyokuwepo haiombwi na mtu.

Barua ya mdhamini nayo ni rahisi kuirekebisha. Yeye amedhamini thamani ya kitabu, kwa hiyo anachostahili kuambiwa ni idadi ya vitabu vilivyochelewa na kiasi kinachodaiwa. Majina ya vitabu yabaki katika nakala ya msomaji.

Msaidizi wa Kaunta (muuliza swali)

Ninawashukuru sana wote. Mzee, niliyabadilisha baadhi ya maelezo tangu mwanzo, na leo nimebadilisha mengine.

Mkuu wangu amekubali tangazo la ukutani, na tumelichapa kwa herufi kubwa. Amekubali pia barua ya mdhamini iondolewe majina ya vitabu, ingawa alinung'unika kwamba tayari tulikuwa tumedurufu fomu 200. Daftari sasa linakaa kwenye droo upande wangu, na ninaweka kipande cha manila chenye tundu la mstari mmoja juu ya ukurasa kila msomaji anapoweka sahihi. Wanafunzi wanalicheka.

Mshauri wa wanafunzi nilimwomba barua. Amesema ataileta, na hadi leo sijaiona. Binti amerudisha vitabu viwili jana, siku nne kabla ya tarehe, na ameomba kimoja aendelee kukaa nacho kwa wiki mbili zaidi. Nimemwandikia.