Mbavu za gitaa zinachanika kiunoni, msaada wakuu

Mpwani wa Kaole
Wakuu habari za jioni. Niko Bagamoyo, natengeneza gitaa langu la kwanza, akustiki, mbavu (zile mbao za pembeni) ni za mninga nilionunua kwa fundi wa milango. Uso na mgongo viko tayari, kilichobaki ni mbavu na ndo zinanitoa jasho. Mbao zina urefu sm 80, upana sm 12, nimepiga randa mpaka kama mm 3, nikaloweka usiku kucha afu asubuhi nikakunja kwenye bomba la chuma lenye tochi ya gesi ndani. Tumboni panakubali vizuri ila nikifika kiunoni pale panapoingia ndani nasikia kra! nyuzi za nje zinanyanyuka. Ubavu mmoja ndo basi tena, umebaki mmoja na vipande vya ziada. Mzee mmoja anayeunda majahazi hapa ufukweni ananiambia nitafute mti uliojipinda wenyewe kama wanavyotafuta wa mataruma (mbavu za jahazi), sasa kitu chembamba hivi naupatia wapi? Nifanyeje?

Fundi Randa
Pole mkuu. Mzee yuko sahihi kwa jahazi, taruma ni nene halikunjwi, ila ubavu wa gitaa unakunjwa kwa moto. Shida ya kwanza ni unene. Shusha mpaka mm 2, ikizidi sana 2.2. Unaweza kuona mm 1 ni kitu gani, lakini ubao wa mm 3 unagoma kupinda zaidi ya mara 3 ya ule wa mm 2. Na uwe sawa kote, pima na venia kalipa (kile kipimo cha unene) usiamini macho, maana penye wembamba patavunjika kona na penye unene patagoma.

Halafu acha kuloweka usiku kucha. Kinacholainisha mbao ni joto, maji yanasaidia tu joto liingie na ubao usiungue. Mbao iliyoshiba maji inavimba na kubinuka kwenye upana, kuirudisha ni kazi. Lowanisha kwa sponji muda ule ule unaokunja. Bomba ukilidondoshea maji yachemke na kuruka hapo hapo, yakitulia bado. Weka ubao, bonyeza kidogo tu, uyumbishe mbele na nyuma, subiri. Kuna wakati utasikia mkononi umelegea wenyewe, hapo ndo unakunja, na kabla ya hapo usilazimishe hata kidogo nakuomba.

Dada Mbao
Naunga mkono, ila kaka kiunoni tumia bati. Kata bati jembamba la upana wa ubavu, ncha zake zifunge kwenye vipande vya mti vya kushikia, liweke upande wa nje wa mkunjo, ule usiogusa bomba, uvute vyote pamoja. Bati linazibana zile nyuzi zisinyanyuke. Na anza na kiuno, chora alama kwa penseli ukunje hapo kwanza, tumbo na mabega vifuate.

Angalia pia hiyo mbao yenyewe. Wa milango wanapasua vyovyote tu, mlango hauna shida. Kwa ubavu, ukitazama kichwa cha ubao mistari iwe imesimama wima, na nyuzi ziende moja kwa moja mpaka mwisho zisitokee usoni. Chukua kipande upige patasi kwa kichwani uone ufa unaelekea wapi, ukikimbilia pembeni mbao hiyo itakuchanikia hata ukiipunguza vipi.

Mtoto wa Muheza
Achana na mninga, njoo Tanga uchukue mtiki, huku Longuza shamba zima.

Fundi Randa
Mtiki una mafuta, gundi inasumbua mpaka uufute na asetoni kwanza. Kwa anayeanza abaki na mninga, hauvimbi wala kusinyaa sana hewa ikibadilika, na pwani yetu hii mnaijua.

Mpwani wa Kaole
Asanteni sana, nimepiga patasi ni kweli ufa unakimbilia pembeni, narudi kuchagua mbao nyingine. Swali la mwisho, hata ule uliokubali tumboni asubuhi nimekuta umefunguka.

Fundi Randa
Lazima ufunguke kidogo. Tengeneza kalibu ya plaiwudi ya umbo la gitaa, ukitoka kwenye bomba ubane humo na klampu mpaka kesho yake ukauke kabisa, palipoachia rudisha kwenye moto kidogo. Ukishakaa usiutoe, gundisha vile vijiti vya pembeni vya kushikia uso na mgongo ukiwa humo humo ndani ya kalibu.