Mia tatu ya shangazi imefanya ninyimwe fidia ya gari

Wadau, mnivumilie, hasira niliyo nayo tangu Jumanne haijashuka.

Nina Probox. Miaka minne mfululizo nimeikatia bima kamili ya gari la kibinafsi, kampuni ile ile, Sh38,400 kila mwaka, na sijawahi kuwadai hata kioo cha pembeni. Mwezi wa nane tulikuwa tunatoka matangani Ugunja kurudi Kisumu. Kabla ya kufika Yala, ng'ombe akachomoka kichakani, nikamkwepa, gari likaishia mtaroni. Watu wote wazima, Mungu ni mwema, lakini rejeta, bampa, boneti na taa zote mbili kwisha. Polisi niliripoti siku hiyo hiyo, abstrakti (ile hati ya polisi ya kuonyesha nimeripoti ajali) ninayo, fomu ya madai nikajaza kesho yake. Gereji imepiga hesabu ya Sh214,000.

Sasa nimeletewa barua ya aya mbili. Dai limekataliwa kwa sababu eti nilikuwa nimebeba abiria kwa malipo, na bima yangu ni ya matumizi binafsi.

Hao "abiria" ni mama mkwe, shangazi yangu na akina mama wawili wa kwaya, bado wamevaa sare. Nyuma kulikuwa na sufuria mbili za matanga, thamosi, na kiti cha plastiki ambacho hadi leo hatujui ni cha nani. Asesa, yule mkaguzi wa kampuni ya bima, alipiga picha vyote hivyo. Picha moja nilimwona akiipiga mwenyewe: ratiba ya mazishi iko juu ya dashibodi, marehemu anaangalia kamera. Barua yao haitaji mazishi hata kwa neno moja.

Na hayo malipo wameyatoa wapi? Kwenye mdomo wangu mwenyewe! Asesa aliniuliza kirafiki tu nani aliweka mafuta, nami kwa roho safi nikasema niliweka mimi, ila shangazi alinifinyia mia tatu mkononi. Jamani, nani kwetu anamrudishia shangazi mia tatu yake? Si utakuwa umemtukana? Kama hiyo ndiyo nauli ya watu wanne na sufuria zao kutoka Ugunja, basi mimi ndiye mfanyabiashara mjinga kuliko wote Nyanza.

Tusidanganyane, kosa langu ni Probox. Najua sifa za gari hilo huku kwetu, najua Probox za nauli zinavyoshindilia watu hadi kwenye buti. Lakini walijua ni Probox walipopokea pesa zangu mara nne. Siku ya kupokea, ilikuwa gari la familia. Siku ya kulipa, imegeuka matatu.

Ajenti aliyekuwa akinipigia kila bima ikikaribia kuisha sasa "yuko mkutanoni". Gereji nayo inanitoza Sh300 kila siku kwa kulaza gari. Mia tatu ile ile, sasa inanirudia kila asubuhi.

Ninavyoelewa sheria, kampuni ikitaka kujificha nyuma ya sharti kama hilo, ni juu yake kuthibitisha kwamba nilikuwa nikifanya biashara. Nimewaandikia nikidai nakala ya ripoti ya asesa na picha zote, ile ya ratiba nikaitaja kabisa. Nimewapa siku 14, kisha napeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima. Akina mama wa kwaya wamekubali kula kiapo mbele ya wakili. Shangazi anataka kwenda ofisini kwao mwenyewe, tumemzuia kwa sasa.

Aliyewahi kukataliwa hivi na baadaye akalipwa, ulipitia wapi? Na ile Mahakama ya Madai Madogo, yenye kikomo cha Sh1 milioni, inapokea kesi ya mtu na bima yake mwenyewe, au nitarudishwa mlangoni? Nawaomba wenye uzoefu tu. Wale wa kuniambia ningenunua Fielder, pitieni uzi mwingine.